Akiba ya Wachezaji Ndiyo Nguvu ya Timu

Tarehe 13 Januari 2025, wapenzi wa kandanda waliofurika Uwanja wa Gombani, Pemba, waliishuhudia timu yetu, Zanzibar Heroes, ikiifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 na kulitwaa Kombe la Mapinduzi. Furaha ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, shangwe zisitusahaulishe wajibu wa kuipima timu kwa jicho la hesabu.

Kombe la Chalenji tulilitwaa mwaka 1995. Mwaka 2017 tulilikaribia tena huko Kenya. Vijana wetu waliwatoa Uganda katika nusu fainali, wakatoka sare ya mabao 2 na wenyeji katika fainali, kisha wakashindwa kwa penalti. Hatusemi kwamba kombe lile lilituponyoka kwa uhaba wa akiba, kwani penalti zina mambo yake. Lakini michezo 6 katika muda usiozidi wiki mbili ni mzigo usioweza kubebwa na wachezaji 11 peke yao. Misuli huchoka, kadi hutolewa, na majeraha hayabishi hodi.

Tatizo letu halikuwa kamwe ukosefu wa vipaji. Feisal Salum alitokea JKU akaenda kung'ara Bara, na Mudathir Yahya naye ni kijana wa Visiwa hivi. Kuondoka kwao si hasara. Wameitumikia Taifa Stars, nayo ni timu yetu sote. Lakini Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF tuliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huo huo. Aghalabu mashindano yetu huangukia siku ambazo klabu hazilazimiki kuwaachia wachezaji. Mwalimu anayesubiri barua ya ruhusa hawezi kupanga timu kwa uhakika.

Kwa hiyo, ni dhahiri kwamba dawa imo humu humu nyumbani. Kila nafasi, kuanzia golikipa hadi mshambuliaji wa kati, iwe na wachezaji wawili walio tayari na wa tatu anayelelewa. Wateuzi wasiishie Amaan; wafike Makunduchi na Nungwi, wavuke bahari hadi Wete, Micheweni na Mkoani, kwani kijana asiyeonwa ni sawa na asiyekuwapo. Ligi za vijana zipewe mipira, waamuzi na nauli. Na kijana aliyeteuliwa asiwe mlinzi wa benchi. Apewe dakika za kucheza katika michezo ya kirafiki, ili siku ya siku asiingie uwanjani akitetemeka.

Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa mwaka 2023 haki ya kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Heshima hiyo iwakute vijana wetu wakiwa na mazoezi, si wakiwa watazamaji tu.

Tunatoa wito kwa viongozi wa mpira, wizara inayohusika na klabu zote za Unguja na Pemba kulishughulikia jambo hili sasa, kabla wito wa mashindano haujaja. Timu inayookotwa wiki moja kabla ya safari huishi kwa bahati. Wazee wetu walikwisha sema: akiba haiozi.