Duka likiwaka mataa, uliza mushahara

Ndugu wachimbaji, kule Nairobi, upande wa Westlands, jengo kubwa la maduka la Westgate lilifunguliwa mwaka 2007. Tarehe 21 Septemba 2013 washambuliaji waliua watu 67 pale. Mwaka 2015 likafunguliwa tena, na Nakumatt, duka kubwa kuliko yote mule ndani, ikarudi. Risasi hazikuiangusha. Iliangushwa na madeni: wenye kuleta bidhaa hawakulipwa, mishahara ikachelewa, mwaka 2020 ikafa kabisa.

Na sisi, sosiete ikituonyesha magari mapya huku mushahara unachelewa, tusipige makofi. Wajumbe wa sendika waende kuuliza deni ni ngapi. Mufanyakazi ndiye wa kwanza kusikia nyumba inapasuka. Asinyamaze.