Bustani ya Mama: Mgagani, Mboga Inayonata

Mama mpenzi, mvua za kwanza zikishanyesha huku Kasulu na Kibondo, maharage hayajatoa hata ua, mgagani huwa umekwisha kuota wenyewe kando ya zizi na penye jalala. Wengi wetu huupalilia pamoja na magugu. Ni hasara, maana wiki zile mboga ni shida, nayo hiyo iko tayari mlangoni.

Utautambua kwa vidole kabla ya macho. Shika shina changa: mara nyingi lina vinyweleo vinavyotoa utomvu wa kunata, wenye harufu kali. Harufu hiyo si bure. Mwaka 1992 watafiti nchini Kenya walieleza kwamba kupe huukimbia mmea huu. Jani limegawanyika vijani vitano, pengine vitatu au saba, vilivyotoka mahali pamoja kama vidole vya mkono. Asiyeujua aweza kudhani ni bangi! Basi atazame ua: petali nne nyeupe au za waridi hafifu, na katikati kijiti kirefu kilichoziinua stameni sita juu kabisa, kama miguu ya buibui.

Mgagani huishi msimu mmoja tu. Ukishachanua, nguvu zake huenda kwenye mbegu na majani hupungua. Kwa hiyo kata vitumba vya maua mapema, utoe matawi mapya ya kuchuma. Lakini miwili mitatu iliyo minene, yenye majani mapana, iache izae. Chuma maganda yake marefu membamba yakiwa ya njano. Yakipasuka, mbegu zote zimemwagika.

Usizipande hapo hapo. Mbegu mpya hulala, na nyingi hazioti mpaka zikae miezi mitatu hadi sita. Ndiyo maana utasikia mtu akisema mgagani haupandiki. Zikaushe, zitunze hadi mvua za Oktoba au Novemba, kisha zifunike kwa udongo kidogo tu, kwani mwanga nao huzizuia kuota.

Jikoni, mwaga maji ya kwanza mara moja tu, maana kila ukimwaga unapoteza vitamini. Kisha unga kwa maziwa au karanga. Mawese yatokayo kando ya Ziwa Tanganyika yanafaa pia: mafuta huusaidia mwili kupata vitamini A ya majani hayo. Watoto wakilalamika uchungu, changanya na mchicha nusu kwa nusu.