Mtaka Uzuri na Anayedhurika

Methali husema kwamba mtaka uzuri hudhurika. Ni methali ya haki, kwa kuwa humtoza gharama yule yule aliyeutaka uzuri. Lakini uko uzuri wa namna nyingine, ambao mmoja huutaka na mwingine hudhurika kwa ajili yake. Mfano wake katika wilaya ya Same ni kaunta ya vinywaji sebuleni, iliyopambwa kwa mbao za mkulo na kuangazwa kwa taa mpya.

Sina ugomvi na mwenye kunywa. Upare uliijua dengelua, pombe ya miwa, kabla haujaijua chupa; na kuwakaribisha rafiki nyumbani ni jambo la heshima. Wala sina ugomvi na seremala, ambaye randa yake ndiyo riziki yake. Ugomvi wangu ni na maneno mawili yasemwayo wakati wa kuagiza kazi: "Nataka mkulo."

Mkulo ni mti wenye sifa. Mbao zake hunukia kafuri, wadudu huziepuka, na vanishi huzipendeza. Lakini hukua polepole mno, na makao yake ni misitu ya milimani yenye mvua. Katika Upare wa kusini makao hayo ni msitu wa Chome, unaokizunguka kilele cha Shengena, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Msitu huo leo ni hifadhi ya mazingira asilia, nao hauvunwi mbao. Basi ubao mpya wa mkulo wa Shengena ukionekana sebuleni, umeibwa. Wapimaji wa misitu wamekuta humo visiki na mashimo ya kupasulia mbao. Na kisiki ni shahidi asiyehongwa.

Tena aibiwaye si serikali peke yake. Maji ya milima hiyo huteremka kwenda Bangalala na Makanya, nchi kame ambako mahindi hayawezi kutegemea mvua tu. Wazee walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa mchana, kila mkulima kwa zamu yake. Msitu ndio unaounywesha mfereji: hupokea mvua na ukungu, kisha huyatoa maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Usiku ule ule ambao wageni huketi chini ya taa wakisifu mbao, mkulima wa bondeni hungoja ndiva ijae. Isipojaa, ni nani aliyelipa gharama ya uzuri?

Nitajibiwa kwamba kaunta moja haikaushi mto. Ni kweli, lakini hoja hiyo imo kinywani mwa kila mkataji, na ikiwa halali kwa mmoja ni halali kwa wote. Nitajibiwa pia kwamba ubao umekwisha kukatwa, na kuukataa hakuurudishi mti. Hayo ni maneno ya kila mnunuzi wa mali ya wizi. Pasipo mnunuzi, mwizi huchoka.

Jibu la tatu ni kwamba mbao nyingine ni duni. Hapa seremala na aseme kweli. Msindano wa kupandwa, kama ule wa Sao Hill huko Mufindi, ukikaushwa vema, ukarandwa na kupigwa msasa, hubeba glasi sawasawa na mkulo. Taa nayo ni msaidizi: taa ndogo ya LED yenye mwanga wa manjano, ikifichwa chini ya ukingo wa kaunta, huupa ubao mweupe rangi ya asali kwa umeme kidogo. Mgeni akiuliza jina la mti, mwenyeji atakuwa na jibu asiloliona haya.

Wazee wa Upare waliiacha misitu ya matambiko bila kuikata. Hawakuwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002; walikuwa na haya. Sisi sheria tunayo. Je, haya tumeiweka wapi? Mtaka uzuri na adhurike mwenyewe: amlipe fundi, alipe umeme, apande miche. Asimlipishe jirani maji.