Freeman: usilitupe hilo jina na mengine

Wasee, kuna hii story mnapenda kurudia: ati kila Mweusi wa Marekani mwenye jina la Kizungu amebeba jina la bwana aliyemmiliki babu yake. Wengi ndiyo, sikatai. Lakini kabla uweke Freeman kwa hiyo orodha, tulia kwanza.

Maana yake ni rahisi: mtu huru. Sasa jiulize, kwa nini umuite jirani yako "mtu huru"? Kama kila mtu kijijini yuko huru, hilo ni jina gani? Ni kama kuitwa Mwenye Pua. Shida ni kwamba Uingereza ya zamani hizo, wakulima wengi walikuwa wamefungwa kwa ardhi ya bwana. Kuhama, ruhusa. Kuoza binti, ruhusa, na mara nyingi uilipie. Yule ambaye hakubanwa hivyo ndiye aliitwa Freeman. Jina moja linachomea kijiji kizima.

Sasa twende Massachusetts, 1781. Kuna mama mtumwa anaitwa Bett, hajui kusoma. Katiba ya jimbo, ya 1780, inasema watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett anaichukulia vile ilivyoandikwa. Anaenda kwa wakili, Theodore Sedgwick, na pamoja na mtumwa mwenzake Brom wanamshtaki John Ashley, bwana wao. Wanashinda! Korti inasema wako huru na Ashley awalipe shilingi 30. Ashley anamwomba mama arudi, safari hii kwa mshahara. Anakataa, anaenda kufanya kazi ya kulipwa kwa Sedgwick. Na anajiita Elizabeth Freeman.

Manze, angeweza kujiita Ashley. Badala yake alichukua jina ambalo ukimuita tu, umekubali uamuzi wa korti. Hiyo si mabaki ya utumwa. Hiyo ni risiti.

Cathy Freeman, Mwaborijini wa Australia, naye alikaripiwa na mkuu wa timu yake 1994 kwa kupeperusha bendera ya watu wake kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sydney 2000 akashinda mita 400 kwa sekunde 49.11, akazunguka uwanja na bendera mbili, ile na ya Australia.

Hapa jirani, Tanzania, Freeman ni jina la kwanza la Mbowe, aliyezaliwa 1961, mwaka Tanganyika ilipata uhuru. Alikamatwa 2021, akashtakiwa ugaidi, mashtaka yakaondolewa Machi 2022. Uhuru wetu pia ni wa 1961, mwaka ule ule babake alitoka kizuizini.

Ukitaka kucheka jina la Kizungu, anza na Smith. Huyo babu alikuwa fundi wa chuma tu, hana kesi na mtu.