Tuache kunyunyizia terere sumu

Kila masika yanapoanza, bustani za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya hujaa terere kabla mahindi hayajainuka. Siku hizi wakazi wengi wa mitaani wameweka jembe kando. Mtu hununua dawa ya kuua magugu, akainyunyiza ua mzima, kisha jioni hutuma mtu sokoni kununua fungu la terere. Huu ni upotevu wa pesa na pia ni hatari.

Ni kweli kwamba gugu hili lina kero. Asili yake ni Amerika, na mmea mmoja ukiachwa ukomae waweza kutoa zaidi ya mbegu 100,000, ambazo hukaa udongoni miaka kadhaa. Njia ya kulidhibiti ni kutoliacha litoe maua. Ing'oe terere na mizizi ikiwa changa, haijafika magotini, uchambue majani na kuyapika. Utakuwa umepalilia na umepata mboga.

Majani hayo yana vitamini A, madini ya chuma na kalsiamu kuliko kabeji, na ni ya manufaa hasa kwa waja wazito na watoto. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliyezitafiti mboga za kienyeji kwa miaka mingi, alitunukiwa tuzo ya Kwame Nkrumah ya Muungano wa Afrika mwaka 2010. Hata hivyo, wako wanaoziita chakula cha maskini.

Tukirudi kwa dawa, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifosati, inayotumiwa sana kuua magugu, miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mamlaka za nchi kadhaa hazikukubaliana na uamuzi huo. Lakini jani lililonyunyiziwa halinyauki siku ile ile. Jirani au mtoto aweza kulichuma kesho yake akidhani ni salama, nalo likaishia sufuriani.

Kwa hiyo, chuma terere katika shamba unalolijua. Usichume kando ya barabara kuu wala kwenye mitaro ya maji machafu, na usichume jani usilolitambua. Mwenye mawe ya figo aichemshe na kumwaga maji, kwani ina oksaleti. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Wengine waikaange kwa mafuta kidogo, ambayo husaidia mwili kupokea vitamini A.

Maafisa wa kilimo na wa afya wa kaunti zetu nao wawaeleze wenye bustani ndogo mjini kwamba ua wa nyumba hauhitaji sumu. Jembe na sufuria vyatosha.