Msiwafiche Watoto Siku ya Dawa

Kuna mtindo umeota mizizi miongoni mwetu, nami nimeuvumilia kimya kiasi cha kutosha. Shule ikitangaza kwamba kesho watoto watapewa dawa za minyoo na kichocho, kesho yake nusu ya madawati ni matupu. Huyu katumwa kwa bibi yake, huyu anaumwa jino, yule kaambiwa abaki achunge mbuzi ambao siku zote huchungwa na kaka yake. Keshokutwa, maboksi ya dawa yakisharudi zahanati, jino limepona, bibi hajambo, na mbuzi wamerejea kwa mchungaji wao wa zamani. Wazazi wenzangu, tunamdanganya nani? Mwalimu tunaweza kumdanganya. Mnyoo haudanganyiki.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wakasema tena, kikulacho ki nguoni mwako. Na hiki cha leo kimevuka nguo, kimeshuka tumboni na kupiga kambi. Mnyoo wa safura haupigi hodi mdomoni. Hupenya ngozi ya mguu wa mtoto anayekwenda peku kwenye udongo mchafu, ukafuata damu hadi mapafuni, ukapanda kooni, ukamezwa pamoja na mate, kisha ukajishikiza utumboni na kunyonya damu usiku na mchana. Mtoto anapauka viganja, anasinzia darasani, nasi tunamwita mvivu. Ule mnyoo mrefu wa mviringo nao, jike lake moja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Na kichocho je? Nchi yetu inatajwa kuwa ya pili barani Afrika kwa wingi wa wagonjwa wake, baada ya Nigeria, na hilo si kombe la kupeperusha bendera. Mtu mwenye maradhi anakojoa bwawani, konokono wanayapokea, mtoto mwingine anaoga pale pale, na vimelea vinampenya ngozi bila yeye kuhisi lolote zaidi ya muwasho. Minyoo ile huishi kwa miaka ndani ya mishipa ya damu, dume na jike wamekumbatiana, na mayai yao ndiyo yanayochana kibofu. Mtoto akianza kukojoa damu, wako wazee wanaotabasamu ati kijana anabalehe! Balehe gani hiyo, jamani? Mdharau mwiba mguu huota tende, na huyu mwiba wake uko kibofuni, ambako ukiachwa unaweza kumletea saratani ukubwani.

Sababu ya kuwaficha watoto ninaijua, maana husemwa kwa kunong'ona kila palipo na baraza: eti vidonge hivyo ni vya kufunga uzazi. Mbona wanatoa bure? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Maneno matamu, lakini yamekaa upogo. Prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho mnayoiogopa, Shirika la Afya Duniani liliruhusu tangu 2002 wapewe hata kina mama wajawazito. Kinachofunga uzazi ni kichocho chenyewe. Mayai yake yakishazama katika shingo ya kizazi na mirija ya binti, yanaacha vidonda na makovu, damu zisizo na mpango, maumivu ya ndoa, na pengine utasa. Binti huyo akifika zahanati huweza kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Akirudi kwa wakwe anaitwa malaya. Kumbe kosa lake ni kuchota maji mtoni tangu akiwa na miaka saba, na kosa la mama yake ni kumficha siku ya dawa ili asiwe tasa. Mnaliona lilivyo?

Nami si mtu wa kukana kwamba uvumi huwa na kilichouzaa. Mwaka 2008 shule za msingi za Morogoro ziliingia katika fujo siku za ugawaji wa dawa hizi. Watoto walizidiwa, ikavumishwa kwamba wanakufa, wazazi wakavamia shule kwa hasira. Dawa ya kichocho ni chungu, na ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Wengi walikunywa hawajatia kitu kinywani, na wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Hapo wakubwa wa afya nao wabebe lao: mtu haletewi dawa ya mwanawe kama anayeletewa hati ya kukamatwa. Lakini funzo la Morogoro ni uji, si kujificha. Mtoto ale ashibe, ndipo asimame.

Na asimame wapi? Nendeni mkaone, kazi yenyewe haina uchawi. Mwalimu anauegemeza ukutani ubao mrefu uliochorwa alama, mtoto anavua viatu, anabana visigino, kichwa kinatazamwa kimegota alama gani. Alama hiyo ndiyo inayosema vidonge vingapi vya kichocho, kuanzia kimoja kwa mfupi hadi vitano kwa mrefu kupindukia. Kile cha minyoo ya tumbo, albendazoli, kinatafunwa kimoja tu. Humzuia mdudu asipate sukari ya kumwezesha kuishi, akafa njaa ndani ya nyumba ya watu. Walimu wetu wanaifanya kazi hii juu ya vipindi vyao vyote, mbele ya watoto mia wanaopiga kelele, na wengi hawapati hata ahsante. Mimi ninawapa hapa hadharani.

Wako wajanja wengine, ambao hununua kidonge kimoja cha minyoo dukani wakadhani wamemaliza. Albendazoli haikigusi kichocho. Tegu naye, yule wa nyama isiyoiva, ana dozi yake. Na mabuu ya tegu wa nguruwe yakishafika kichwani huleta kifafa, na mgonjwa huyo ni wa hospitali, si wa duka wala wa mganga wa kupunga pepo. Na mabusha, enyi wanaume wenzangu mnaovaa kanzu pana kwa sababu mnazozijua, hayaondoki kwa kidonge, yanataka upasuaji. Mficha uchi hazai.

Hata hivyo dawa peke yake ni kuchota maji kwa pakacha. Humuua mnyoo wa leo, haimzuii wa kesho. Dini zetu zilikwisha kusema: Mtume alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia njiani na kivulini, na Torati iliwaamuru Waisraeli watoke nje ya kambi wachimbe shimo na kufukia. Wazee wetu walitii kuliko sisi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu 2,000,000 walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Redio moja, kijiji kizima! Leo kila mtu ana simu mfukoni, na choo ni magunia matatu na matumaini.

Hapa lazima nilitoe jambo jingine linalonikereketa, hata kama mhariri atakunja uso. Ni hili la mabasi ya mikoani kusimama porini kuchimba dawa. Kondakta anagonga bodi, "Dakika tano!", na watu wazima wenye suti na vitambulisho shingoni wanatawanyika vichakani, wanaume huku, wanawake kule, heshima imebaki kwenye siti. Basi lina televisheni na viyoyozi, ila kusimama penye choo haliwezi. Sisi abiria nasi tunaona uchungu kutoa sarafu mbili za choo cha stendi, lakini soda tunanunua. Tunaondoka, na siku chache baadaye mtoto wa kijiji kile anapita pale pale peku akifuata kuni. Tumemwachia safura, wala hatumjui jina. Wenye mabasi, hamuoni aibu?

Nirudi kwenu wazazi, kwani nyinyi ndio mlionipandisha hasira, na nyinyi ndio ninaowategemea. Mama wa nchi hii anayeamka alfajiri kupika vitumbua ili mwanawe apate daftari hashindwi kupika uji siku moja. Siku mwalimu atakapotangaza tena, mpeni mtoto uji, mvisheni viatu, mpelekeni wenyewe mpaka mlangoni, na mwenye shaka akae amuulize mganga wa zahanati mbele ya wote, asingoje kunong'ona barazani. Na yeyote anayekojoa damu, awe mtoto au babu, asubuhi ya kesho aende zahanati mkojo wake ukapimwe. Dawa ipo.