Kompyuta Kuukuu ya Kituo cha Afya Ichunguzwe Kabla ya Kuhukumiwa

Barabara ya lami itokayo Arusha hufika mjini Karatu baada ya takriban kilomita 140. Mbele yake, kuelekea Endulen ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, msafiri wa kiangazi huandamana na vumbi. Vumbi hilo halikomei kwenye nguo za abiria. Hupenya hata katika matundu ya kompyuta zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa, likaganda kwenye feni na kuifanya ishindwe kuipooza mashine. Kompyuta iliyopata joto kupita kiasi hujizima ghafla ili isiungue, na mhudumu mwenye foleni mlangoni hutamka neno moja tu: imekufa.

Mara nyingi haijakufa, haijachunguzwa. Mizani ya kupimia watoto na kipimo cha shinikizo la damu huhesabiwa kuwa vifaa tiba, navyo hukaguliwa. Kompyuta inayobeba tarehe ya kurudi kliniki, majibu ya maabara na hesabu ya dawa bado huonekana kuwa samani ya ofisi, inayosubiri fundi kutoka mjini. Mtazamo huo haufai tena. Kompyuta ya kituo cha afya ni sehemu ya matibabu, na ujuzi wa awali wa kuichunguza unapaswa kuwa pale pale kituoni.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, yenye umbo la sarafu na nguvu ya volti 3, ambayo kwa kawaida huitwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati umeme haupo. Pale ambapo umeme wa jua huzimwa kila jioni, betri hiyo hufanya kazi usiku kucha na huisha mapema kuliko pale ambapo mashine haichomolewi. Ikiisha, kompyuta huamka asubuhi ikiamini kwamba ni mwaka mwingine uliopita zamani. Mhudumu akitaka kufungua DHIS2 ili apeleke taarifa za MTUHA, kivinjari hukataa kwa kudai kwamba muunganisho si salama, kwa kuwa hati za usalama za intaneti hupimwa kwa tarehe. Lawama humwendea mwenye mtandao wa simu. Hatari kubwa zaidi hukaa kimya: programu inayochukua tarehe kutoka kwenye mashine itaandika hudhurio la leo kana kwamba lilikuwa la miaka iliyopita. Mgonjwa aliyefika kliniki ya tiba na matunzo kwa siku yake aweza kuonekana mtoro. Chanzo chote ni betri ndogo ambayo mtu aliyeelekezwa huibadilisha kwa dakika chache.

Wahudumu wa afya hawahitaji kugeuzwa mafundi ili waweze kutambua hali kama hiyo. Tayari wanao utaratibu wa kufikiri unaotakiwa. Mgonjwa huulizwa historia kabla ya kupimwa, na sababu nyepesi huondolewa kabla ya kudhania nzito. Vivyo hivyo, kompyuta isiyowaka huanzwa na soketi na waya, kisha skrini, ndipo ifuate mashine yenyewe. Inayolia milio ya kujirudia bila kuonyesha kitu huenda kadi yake ya kumbukumbu imelegea. Inayozimika ikishatumika kitambo husafishwa vumbi. Iliyopunguza mwendo ghafla baada ya kuchomekewa flashi ya mgeni hupimwa virusi. Mwiko ni miwili: mashine isifunguliwe kabla ya kuchomolewa, na kisanduku cha umeme kilichomo ndani kisifunguliwe kamwe, kwa sababu huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kanuni ya kwanza, hata hivyo, ni kuokoa taarifa kabla ya kuokoa mashine. Diski inayogongagonga ni dharura: kila inapowashwa huenda ikawa mara ya mwisho, na nakala inapaswa kutolewa kabla ya jaribio jingine lolote. Wala mashine isibebwe hadi kwa fundi wa sokoni ikiwa na majina na magonjwa ya watu ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Diski itolewe na kufungiwa kituoni, au fundi afanye kazi mbele ya mhusika.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kununua kompyuta mpya. Kwa sehemu wana haki. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Mashine ya namna hiyo haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilivuruga hospitali za Uingereza na kufutisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, ilhali marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Machi. Nchi tajiri haikuokolewa na utajiri wake, ilikosa matunzo. Kompyuta mpya ikiletwa Karatu leo itakutana na vumbi lile lile na umeme ule ule, nayo itazeeka mikononi mwa watu wale wale. Wasipokuwa na ujuzi, kitakachobadilika ni tarehe ya kuharibika tu.

Kinachotakiwa kiko ndani ya uwezo. Kila kituo kimteue mhudumu mmoja, na msaidizi wake, wafundishwe uchunguzi huu na afisa TEHAMA wa wilaya. Pawepo daftari la hitilafu, betri ya saa ya akiba, brashi ya vumbi, na nakala ya taarifa inayotolewa kila wiki na kufungiwa kabatini. Vitabu vya MTUHA viendelee kujazwa kwa uangalifu. Mgonjwa naye aitunze kadi yake ya kliniki na kuikagua tarehe kabla ya kuondoka dirishani. Akiona mwaka usiohusika, aseme. Mtu aliyetembea tangu alfajiri kutoka boma lake hadi Endulen hapaswi kurudishwa bila dawa kwa sababu mashine imesahau leo ni siku gani.